Mchezaji Si Mali ya Klabu: Kesi ya Jean-Marc Bosman na Haki ya Mfanyakazi Uwanjani

Jumapili alasiri, uwanja wa parokia unapojaa, hakuna anayemwuliza mwenzake alizaliwa wapi kabla ya kumpa pasi. Anayeweza kucheza anacheza, na anayechoka anampisha mwingine. Lakini mchezo huohuo unapogeuka kuwa kazi ya mshahara, maswali mawili mazito hujitokeza. La kwanza: mkataba wa mchezaji ukiisha, yeye ni wa nani? La pili: je, ni haki kumnyima mtu kazi anayoiweza kwa sababu tu ana uraia wa nchi nyingine?

Kwa miaka mingi maswali hayo yalijibiwa na vilabu na mashirikisho peke yao, wala mchezaji hakuulizwa. Jibu lilibadilika tarehe 15 Desemba 1995, katika Mahakama ya Haki ya Ulaya iliyoko Luxembourg, kwa sababu ya mchezaji mmoja Mbelgiji ambaye hakuwa na sifa kubwa uwanjani. Historia yake inamfaa kila kijana anayetamani kuishi kwa mpira. Inamfaa pia asiyetamani hivyo, kwa maana ni historia ya kazi na ya heshima ya mtu anayeifanya.

Kamba ya zamani

Mpira wa kulipwa ulikubaliwa rasmi huko Uingereza mwaka 1885. Haukupita muda mrefu, vilabu vikajitengenezea kanuni ya kumshika mchezaji. Kila mchezaji aliandikishwa kwa jina la klabu yake, na bila klabu kuliachilia jina hilo hakuweza kucheza kwingine, hata kama mkataba wake ulikuwa umekwisha. Klabu iliweza kumwekea masharti mapya. Akiyakataa, ilimshikilia bila kumchezesha wala kumlipa. Zaidi ya hayo, mshahara wa mchezaji wa Uingereza ulikuwa na dari: hadi mwanzoni mwa mwaka 1961 hakuna aliyeruhusiwa kulipwa zaidi ya pauni 20 kwa juma, hata kama viwanja vilijaa watu waliolipa kiingilio ili kumtazama yeye.

Mwaka 1960 mchezaji George Eastham aliomba kuondoka Newcastle United. Mkataba wake ulikuwa umekwisha, lakini klabu ilikataa kumwachilia. Akaacha mpira kwa miezi kadhaa, akaenda kufanya kazi nyingine kusini mwa nchi. Mwishowe klabu ilikubali kumwuza kwa Arsenal kwa pauni 47,500. Eastham angeweza kunyamaza, kwa kuwa alikwisha kupata alichokitaka. Hakunyamaza. Kwa msaada wa chama cha wachezaji alikwenda mahakamani, na mwaka 1963 hakimu Wilberforce akaamua kwamba kanuni ile ya kumshikilia mchezaji ilikuwa kizuizi kisicho halali cha uhuru wa mtu kufanya kazi yake.

Hukumu hiyo ililegeza kamba, lakini haikuikata. Ada ya uhamisho iliendelea kudaiwa hata kwa mchezaji asiye na mkataba. Tena ilikuwa hukumu ya nchi moja, na nchi nyingine za Ulaya ziliendelea na desturi zao.

Wakati huohuo sheria nyingine ilikuwa inakua polepole pembeni. Tarehe 25 Machi 1957 nchi sita, Ubelgiji ikiwamo, zilitia sahihi Mkataba wa Roma ulioanzisha Jumuiya ya Kiuchumi ya Ulaya. Kifungu chake cha 48 kilimpa mfanyakazi wa nchi mwanachama haki ya kwenda kufanya kazi katika nchi nyingine mwanachama bila kubaguliwa kwa uraia wake. Walioandika kifungu hicho waliwafikiria zaidi wachimba makaa, wajenzi na wafanyakazi wa viwandani. Lakini mwaka 1976 Mahakama ya Luxembourg ilitamka kwamba mchezaji anayelipwa ni mfanyakazi kama wengine, na kwamba hawezi kuzuiwa kwa sababu ya uraia, isipokuwa katika mechi za timu za taifa, ambazo kwa asili yake ni za wananchi.

Tamko lilikuwa wazi, ila halikutekelezwa. Mashirikisho ya mpira yalijadiliana na wakuu wa Jumuiya, yakakubaliana kupunguza ukali wa kikomo badala ya kukiondoa. Makubaliano ya mwaka 1991 yalizaa kanuni iliyojulikana kwa jina la «tatu na mbili»: klabu iliruhusiwa kuchezesha wageni watatu katika mechi, pamoja na wengine wawili waliokwisha kucheza katika nchi hiyo miaka mitano mfululizo, mitatu kati yake wakiwa katika timu za vijana. Kwa hesabu hiyo hata Mskoti na Mwelsh walihesabiwa kuwa wageni katika klabu ya Uingereza. Mwezi Novemba 1994 Manchester United ilikwenda kucheza na Barcelona bila mlinda mlango wake mashuhuri, Peter Schmeichel wa Denmark, ili kumpisha mgeni mwingine. Ilifungwa mabao 4 kwa 0.

Mtu wa Liège

Jean-Marc Bosman alizaliwa Liège, mji wa viwanda na wachimba makaa mashariki mwa Ubelgiji, mwaka 1964. Alilelewa kimpira katika klabu ya Standard, na mwaka 1988 akaingia klabu nyingine ya mji huohuo, RFC Liège. Mshahara wake, pamoja na marupurupu, ulifikia kwa wastani faranga za Kibelgiji 120,000 kwa mwezi. Mkataba ulikuwa wa kumalizika tarehe 30 Juni 1990.

Mwezi Aprili mwaka huo klabu ilimpa mkataba mpya wa msimu mmoja kwa faranga 30,000 kwa mwezi, yaani robo ya alichokuwa akipata. Hicho ndicho kilikuwa kiwango cha chini kabisa kilichoruhusiwa na shirikisho la Ubelgiji. Bosman alikataa. Basi jina lake likawekwa katika orodha ya wachezaji wanaouzwa, na bei yake ikakadiriwa kwa kanuni za shirikisho kuwa faranga 11,743,000.

Tafakarini hesabu hiyo. Klabu iliyosema kwamba kazi ya mtu huyu ina thamani ya faranga 30,000 kwa mwezi, ndiyo hiyohiyo iliyodai kwamba anayemtaka alipe kiasi ambacho kwa mshahara huo kingemchukua zaidi ya miaka 32 kukipata. Alipokuwa mfanyakazi alihesabiwa kuwa rahisi. Alipokuwa bidhaa akawa ghali.

Klabu ya Dunkerque, ya daraja la pili huko Ufaransa, ilikubali kumchukua kwa mshahara wa karibu faranga 100,000. Mwishoni mwa Julai vilabu viwili vilikubaliana juu ya uhamisho wa mwaka mmoja kwa faranga 1,200,000. Lakini RFC Liège iliingiwa na shaka kama Dunkerque ingeweza kulipa, hivyo haikuliomba shirikisho lipeleke cheti cha uhamisho Ufaransa. Bila cheti mkataba ulikufa. Tarehe 31 Julai 1990 klabu ikamsimamisha mchezaji wake, asiweze kucheza msimu mzima. Wahenga walisema, wapiganapo tembo, nyasi huumia. Vilabu viwili vilihofia fedha zao, na aliyepoteza kazi ni mtu ambaye hakuwa na deni lolote, kwa maana mkataba wake ulikwisha kumalizika mwezi mzima kabla.

Tarehe 8 Agosti 1990 Bosman alifungua kesi katika mahakama ya mji wake. Mwanzoni alitaka jambo dogo tu: apate riziki na aruhusiwe kufanya kazi. Lakini mawakili wake, Luc Misson na Jean-Louis Dupont, waliona kwamba ili kumfungua mtu huyu ilibidi kufungua kanuni nzima iliyomfunga. Hivyo walishambulia mambo mawili kwa pamoja: ada ya uhamisho kwa mchezaji aliyemaliza mkataba, na kikomo cha wageni.

Kesi ilidumu miaka mitano. Katika muda huo Bosman alicheza kidogo Saint-Quentin huko Ufaransa, kisha katika kisiwa cha Réunion, kisha katika klabu ya daraja la tatu mjini Charleroi. Mahakama yenyewe iliandika kwamba kulikuwa na dalili za vilabu vya Ulaya kumsusia. Miaka ya mchezaji ni michache. Bosman alikuwa na umri wa miaka 25 alipoanza kudai haki, na 31 alipoipata.

Hoja za wakubwa na majibu ya mahakama

Haifai kudhani kwamba waliopinga walikuwa watu waovu tu. Walileta hoja zenye uzito, na baadhi yake bado husikika katika mazungumzo yetu baada ya mechi. Tuzitazame moja baada ya nyingine.

Kwanza walisema kwamba ada ya uhamisho inavilisha vilabu vidogo vinavyolea vijana. Mahakama ilikubali kwamba kulea vijana ni lengo jema. Lakini ilionyesha kwamba ada ile haikulingana na gharama halisi za malezi, na kwamba hakuna klabu iliyoweza kujua mapema ni kijana yupi atanunuliwa. Lengo hilohilo lingeweza kufikiwa kwa njia nyingine, kama vile kugawana sehemu ya mapato, bila kumfunga mtu.

Pili, kuhusu kikomo cha wageni, UEFA na shirikisho la Ubelgiji, wakiungwa mkono na serikali za Ujerumani, Ufaransa na Italia, walidai kwamba klabu ni sura ya nchi yake, na mashabiki wanataka kujiona ndani yake. Mahakama ilijibu kwa swali la akili timamu: klabu si ya mji wake kwanza, na ya mtaa wake? Mbona hakuna kanuni inayokataza klabu ya mji mmoja kuchukua mchezaji wa mji mwingine wa nchi hiyohiyo? Kama mtu wa mkoa wa mbali anaweza kuvaa jezi yetu na tukamshangilia, mpaka wa nchi pekee hauwezi kuwa sababu ya kumkataa mwingine.

Tatu, walisema kikomo kinalinda timu ya taifa. Mahakama ilijibu kwamba mchezaji wa timu ya taifa halazimiki kuwa anacheza nchini mwake, na kwamba mlango unaomleta mgeni ndio unaomtoa mwenyeji akajifunze kwingine.

Nne, walisema kikomo kinazuia matajiri wasiwakusanye wachezaji bora wote. Mahakama ilikumbusha kwamba kanuni ile haikumzuia tajiri kuwanunua wachezaji bora wote wa nchi yake.

Basi tarehe 15 Desemba 1995 hukumu ikatoka. Mchezaji raia wa nchi ya Umoja wa Ulaya akimaliza mkataba wake, aweza kwenda klabu ya nchi nyingine ya Umoja bila ada yoyote. Wala shirikisho haliwezi kuweka kikomo cha raia wa nchi hizo katika mechi za vilabu. Timu za taifa zilibaki kama zilivyokuwa.

Mlango ulipofunguka

Mlango ukifunguliwa, haiingii hewa safi peke yake. Vumbi nalo huingia. Wachezaji walipata nguvu mpya ya kujadili mishahara yao, kwa sababu klabu ilijua kwamba mkataba ukiisha itawapoteza bila kupata kitu. Mikataba ikarefushwa. Yule aliyekuwa akisubiri kuuzwa akawa anaketi mezani na kusema neno lake. Hili lilikuwa jema la kweli.

Lakini itazameni klabu ya Ajax ya Amsterdam. Mwezi Mei 1995 ilitwaa ubingwa wa Ulaya kwa kuifunga AC Milan bao 1 kwa 0, ikiwa na vijana wengi iliowalea yenyewe. Baada ya hukumu, Edgar Davids na Michael Reiziger walikwenda Milan mwaka 1996 bila ada, na Patrick Kluivert, aliyefunga lile bao la fainali, akawafuata mwaka 1997 kwa njia hiyohiyo. Klabu ya nchi ndogo yenye watazamaji wachache wa televisheni haikuweza tena kushindana kwa mishahara. Ajax haijatwaa ubingwa huo tena tangu wakati ule. Tarehe 26 Desemba 1999 Chelsea ilianza mechi ya ligi ya Uingereza ikiwa na wachezaji 11 ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa Mwingereza, jambo ambalo halijawahi kuonekana kabla.

Mashirikisho yalitafuta dawa. Mwaka 2001 FIFA ilikubaliana na wakuu wa Ulaya juu ya kanuni mpya: fidia ya malezi kwa vilabu vilivyomfundisha kijana, na mgao wa mshikamano wa asilimia 5 ya ada ya uhamisho kwa vilabu vyote alivyopitia tangu umri wa miaka 12 hadi 23. Kuanzia mwaka 2006 UEFA nayo ilidai kwamba vilabu vinavyocheza mashindano yake viandikishe idadi fulani ya wachezaji waliolelewa nchini, ambayo baadaye ilifikia 8 kati ya 25. Kanuni hiyo haiulizi pasipoti, inauliza mahali pa malezi. Hata hivyo mwezi Desemba 2023, katika kesi iliyotoka tena Ubelgiji, mahakama ya Luxembourg ilionya kwamba hata kanuni ya namna hiyo yaweza kuwa ubaguzi uliojificha, kwa kuwa wengi wanaolelewa nchini ni wananchi.

Na Bosman mwenyewe? Mamilioni yaliyotokana na hukumu yake yaliingia katika mifuko ya wengine. Amesimulia waziwazi kwa waandishi wa habari jinsi alivyoangukia katika huzuni na pombe, na jinsi alivyoishi kwa msaada. Wachezaji wengi waliofaidika hawakumkumbuka. Hilo nalo tusilipite haraka. Mara nyingi anayevunja ukuta huumia mikono, na wanaopita baadaye husahau kwamba palikuwa na ukuta.

Na sisi Wakongo?

Pengine mtu atasema: haya ni mambo ya Wazungu wenyewe kwa wenyewe. Sivyo. Katika mji uleule wa Liège, miaka mingi kabla ya Bosman, alicheza Mkongo Paul Bonga Bonga. Alifika Standard mwishoni mwa miaka ya 1950, wakati nchi yetu ilipokuwa bado koloni la Ubelgiji, na alikuwa bado huko Juni 30, 1960 ilipopita. Siku moja alikuwa mzaliwa wa koloni, siku iliyofuata raia wa nchi ya kigeni. Mtu ni yuleyule, miguu ni ileile, na mpira ni uleule; kilichobadilika ni karatasi. Ndiyo sababu neno «mgeni» katika michezo halina budi kutazamwa kwa makini.

Kisha ikaja zamu ya taifa lenyewe kufunga mlango. Mobutu aliwarudisha nyumbani wachezaji waliokuwa Ubelgiji, na baadaye serikali yake ikawazuia wachezaji wasiende kucheza ng'ambo. Matunda yalionekana: ubingwa wa Afrika mwaka 1968 na 1974, na Zaire kuwa timu ya kwanza ya Afrika kusini mwa Sahara kucheza Kombe la Dunia, kikosi chote kikiwa kimetoka vilabu vya nyumbani. Lakini vijana hao walipofika Ujerumani mwaka 1974 walifungwa 2 kwa 0 na Scotland, 9 kwa 0 na Yugoslavia, na 3 kwa 0 na Brazil. Na wachezaji wenyewe walisimulia baadaye kwamba fedha walizoahidiwa hazikuwafikia. Taifa liliwaita mashujaa, lakini halikuwapa haki ya mfanyakazi: kulipwa alichoahidiwa, na kuondoka akipenda. Tunapoipenda nchi, tusisahau kwamba hata bendera inaweza kutumiwa kama kamba.

Sheria ya Ulaya nayo ilifika kwetu kwa njia ya mzunguko. Mlinda mlango wa mpira wa mikono, Maros Kolpak, Mslovakia aliyefanya kazi Ujerumani kabla nchi yake haijaingia Umoja wa Ulaya, alilalamika kwamba alihesabiwa kuwa mgeni ingawa nchi yake ilikuwa na mkataba wa ushirikiano na Umoja. Mwezi Mei 2003 alishinda. Mwaka 2005 Mrusi Igor Simutenkov, aliyecheza Hispania, alishinda kwa hoja ya namna hiyo. Sasa, Kongo pamoja na nchi nyingine za Afrika, Karibi na Pasifiki zilikuwa zimetia sahihi mkataba na Ulaya mjini Cotonou, Benin, tarehe 23 Juni 2000. Kifungu chake cha 13 kilikataza kumbagua mfanyakazi wa nchi hizo, aliyeajiriwa kihalali, katika masharti ya kazi, mshahara na kufukuzwa. Ndipo baadhi ya ligi, kama zile za Hispania, zikaacha kuwahesabu wachezaji wa nchi hizo katika nafasi za wageni.

Lakini zingatieni maneno «aliyeajiriwa kihalali». Mkataba ule haukufungua mpaka. Haukumpa mtu viza wala kibali cha kazi. Ulimlinda aliyekwisha kuingia kwa mlango, wala si aliyepitishwa dirishani na wakala mwenye maneno matamu. Vilevile kanuni za FIFA tangu mwaka 2001 zinakataza kijana aliye chini ya miaka 18 kuhamishwa kwenda nchi nyingine, isipokuwa kwa sababu chache zilizotajwa, kama vile wazazi wake kuhamia huko kwa mambo yasiyohusu mpira. Anayekuja na ahadi ya kumpeleka Ulaya mtoto wa miaka 15 kwa malipo ya wazazi, kwa kawaida anakualika nje ya sheria, na huko nje hakuna Mahakama ya Luxembourg itakayokusikia.

Nasi pia tu wenyeji na wageni kwa zamu. Watanzania Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikuja Lubumbashi, na mwaka 2015 walikuwa katika TP Mazembe iliyotwaa ubingwa wa vilabu vya Afrika. Baadaye Wakongo kama Fiston Mayele walikwenda Dar es Salaam, na mwaka 2023 mabao yake yaliisaidia Yanga kufika fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika. Tanzania ina kikomo cha wachezaji wa kigeni, na idadi hiyo imebadilishwa mara kadhaa kwa mabishano makali: je, wageni wanawazibia vijana wa nyumbani njia, au wanainua ligi? Wanenaji wa Kiswahili wana methali yao: mgeni njoo, mwenyeji apone. Inafaa kukumbukwa na pande zote mbili. Mgeni aje na kitu cha kuponya, na mwenyeji naye aachiwe nafasi ya kupona.

Fundisho

Papa Yohane Paulo II, katika waraka wake juu ya kazi ya binadamu wa mwaka 1981, alifundisha kwamba thamani ya kazi hutoka kwanza kwa mtu anayeifanya, wala si kwa kitu kinachozalishwa. Mahakama ya Luxembourg haikusoma waraka huo ili kutoa hukumu yake; ilisoma Mkataba wa Roma. Lakini njia mbili zilikutana mahali pamoja: kazi ya mtu yaweza kukodishwa kwa mshahara, mtu mwenyewe hawezi kumilikiwa.

Wala tusikose kusema upande wa pili. Uhuru bila mshikamano humwacha mdogo mikononi mwa tajiri. Klabu ya mtaani inayomlea kijana tangu utotoni ina haki ya kupata sehemu yake, na ndiyo maana kanuni ya mgao wa mshikamano ni njema. Lakini gharama ya malezi idaiwe kwa klabu inayonunua, isifungwe shingoni mwa kijana. Mzazi aliyemsomesha mwanawe hamzuii kuajiriwa mpaka arudishiwe karo.

Kesi hizi hazijaisha. Tarehe 4 Oktoba 2024 mahakama ileile ilitoa uamuzi katika kesi ya Mfaransa Lassana Diarra. Alikuwa ameachana na klabu yake ya Moscow kwa ugomvi, akaamriwa kulipa euro milioni 10.5, na klabu ya Charleroi iliyomtaka ikaogopa kubebeshwa deni hilo pamoja naye. Mahakama iliona kwamba kanuni za FIFA zilizomzuia zilikwenda kinyume cha sheria ya Ulaya. Miongoni mwa mawakili wake alikuwamo Jean-Louis Dupont, yuleyule wa mwaka 1995.

Vijana wapendwa, si kila mmoja wetu atacheza mpira wa kulipwa. Lakini karibu kila mmoja atatia sahihi mkataba siku moja: dukani, mgodini, shuleni, ofisini au uwanjani. Kabla ya kutia sahihi, someni kila ukurasa. Ulizeni ni lini mkataba unaisha, na mkiisha kuondoka mtadaiwa nini. Bakini na nakala yenu. Vilabu vyetu navyo viandike majina ya watoto vinaowalea, na miaka yao, kwa maana mgao wa mshikamano haulipwi kwa kumbukumbu za mdomoni. Madai ya Bosman yalisimama juu ya jambo lililokuwa wazi: mkataba wake ulikuwa umekwisha.

Maswali ya kutafakari katika kikundi

1. Kama klabu ya mtaa wetu imemlea kijana miaka kumi, inamdai nini anapotaka kuondoka? Na yeye anaidai nini?

2. Je, kikomo cha wachezaji wa kigeni kinawasaidia vijana wa nyumbani, au kinawaficha wasishindane na walio bora? Toeni mifano mnayoijua.

3. Wachezaji wa mwaka 1974 walizuiwa kuondoka kwa jina la taifa. Ni wapi penye mpaka kati ya wajibu kwa nchi na haki ya mfanyakazi?

4. Eastham na Bosman walidai haki iliyowafaidi wengine kuliko wao wenyewe. Nani katika mazingira yetu amefanya hivyo, na sisi tumemkumbuka namna gani?